Kitabu cha mwanangu kimeshikwa kama panya wa sumu!!

Wakuu, natoka kikao cha wazazi sasa hivi, niko kwenye daladala, mikono bado inatetemeka. Yule mwalimu. Wenye watoto pale mnamjua, yule mwenye sauti ya dalali wa mnada.

Mwanangu yuko form two. Tangu azaliwe hajamaliza ukurasa bila kupigiwa magoti. Vitabu vya hadithi nilivyomnunulia anazuilia mlango usipigwe na upepo. Mwezi jana nikapita kwa wauza vitabu vya mtumba, nikachukua kitabu kimoja cha jasusi Willy Gamba, buku tatu, jalada limeshikizwa kwa selotepu. Sikumpa. Nikakiweka juu ya friji nikasema hicho cha wakubwa, asikiguse mtu.

Siku ya tatu naamka saa nane usiku, chandarua kinawaka kama karabai. Mtoto yumo ndani na tochi ya simu, ANASOMA. Sikukohoa. Nilinyata mpaka kitandani nikalia.

Leo mbele ya wazazi wote yule mwalimu kakiinua kwa vidole viwili, kama panya aliyekufa na sumu: "Mzazi, hiki kinatoka kwenye mtihani wa NECTA?" Ukumbi mzima kicheko. Mtoto anaangalia viatu vyake.

VIDOLE VIWILI! Ugali unatoka NECTA? Mpira anaopigia kelele kila Jumamosi mpaka koo linakauka, unatoka NECTA? Kakifungia kabatini, zimebaki kurasa arobaini! Mtoto hajui hata kama Willy kapona. Vidole viwili jamani!

Mzee wa Kona: Dada, ulitaka akishike kwa miguu?

Chaki Nyeupe: Mimi mwalimu. Darasani nina watoto 90. Mtoto akipata F mnakuja kunikaba mimi, hamumkabi Willy Gamba.

Mleta uzi: Ndiyo iwe vidole viwili?

Kidagaa: Rosa Mistika ya Kezilahabi, ya 1971, si ilipigwa marufuku mashuleni? Baadaye ikafundishwa humo humo. Subiri tu.

Mleta uzi: Nisubiri mpaka awe babu?

Bi Shuka: Mimi shule haikunifunza kupenda kusoma. Ni Maktaba Kuu pale barabara ya Bibi Titi, Dar, nilikuwa nakimbilia feni nikaishia kwenye riwaya.

Mnyonge Msongeni: Afadhali kabati, unajua kilipo. Kuna mtu humu humu nilimwazima kitabu changu cha mpelelezi Joram Kiango 2009. Anajijua. Juzi kaniomba nimwazime na kingine!

Mzee wa Kona: Joram? Yule anavuta sigara tu. Willy anammaliza kabla ya chai.

Mnyonge Msongeni: Futa hiyo kauli. Mtobwa aliyemwandika Joram alikuwa na akili, Musiba wa Willy alikuwa na risasi.

Kidagaa: Aaah, hapo umechokoza nyuki.

Mleta uzi: Jamani, kitabu cha mtoto!

Mzee wa Kona: Mama, ngoja kwanza tumalizane na huyu wa Joram.