Kaka anataka kuuza mtumbwi wa dagaa aingie kwenye vizimba vya kufugia samaki ziwani, nimwache au nimzuie?

Kijana wa Igombe:
Mwangaluka wakuu. Kaka yangu ni mvuvi wa dagaa kule Igombe, Mwanza, Ziwa Victoria, ana mtumbwi mmoja na injini, taa za sola na vibarua wanne. Zamani giza likiingia tulikuwa na uhakika wa hela, sasa hivi anaenda mbali kuliko zamani, petroli inakatika, anarudi na ndoo za kuhesabu, na mbalamwezi ikija ndio kabisa, wanakaa tu mwaloni wanacheza bao na madeni yanakua. Ana deni kwa tajiri wake, alichukua wavu na hela ya petroli. Sasa tangu Rais alivyokuja Mwanza Januari 2024 kukabidhi boti za mkopo na vizimba, kaka kichwani ni vizimba tu, anasema anauza kila kitu afuge sato. Mke wake, shemeji yangu, hataki hata kusikia. Mimi nipo mjini nauza simu, samaki nawajua wakiwa kwenye sahani. Nisaidieni.

Sato_Mgumu:
Mkuu mzuie kwanza. Mimi nimefuga. Tuliweka kizimba kwenye kighuba kilichotulia tukijua ndio pazuri, hakuna mawimbi, na kulinda rahisi. Kumbe ndio kosa. Mwezi wa sita wa kulisha, tena samaki wameshafika saizi ya sahani, asubuhi nafika nakuta wote wako juu wanahema midomo wazi, maji yamebadilika rangi na yananuka. Hewa imeisha chini. Hadi saa nne tulikuwa tunaopoa maiti kwa beseni. Kizimba kinataka kina kirefu na maji yanayotembea, sio kighuba. Halafu chakula, usisikie, zaidi ya nusu ya hela yako inaliwa na samaki kabla hujauza hata mmoja. Mtu aliyezoea hela ya kila usiku ataweza kulisha miezi sita mpaka nane bila kuingiza kitu? Na ana deni? Aingie na wenzake kwenye kikundi, kizimba kimoja, mtumbwi abaki nao.

Mzee wa Nansio:
Hao wa vizimba na wa dagaa wote wanalia kilio kimoja, ziwa limechoka. Kokoro, ule wavu wa kukokota, linakomba mpaka vitoto pwani kwenye mazalia, nyavu haramu za timba zipo kila mahali, sangara wa chini ya sentimita 50 haruhusiwi lakini nenda kaone wanavyouzwa vichochoroni. Wenzetu Ziwa Tanganyika 2024 walifunga miezi mitatu, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Na sisi tufunge.

Mama Chanja:
Mzee wangu shikamoo, ila hiyo miezi mitatu utanilisha wewe? Na ziwa letu lina Uganda na Kenya pia, ukifunga huku wenzio wanavua.

Mwenye swali nisikilize mimi, nanunua dagaa miaka mingi sasa. Kaka yako anaanika wapi? Nina uhakika atakuwa anaanika mchangani. Dagaa wa mchanga mnunuzi akiwatia tu mdomoni akasikia kruu, bei imeshakufa, wanachukuliwa na watu wa vyakula vya kuku. Wale wale wa usiku ule ule wakianikwa kwenye chanja ya wavu iliyoinuliwa juu ya ardhi, upepo unapita chini na juu, wanakauka haraka, weupe, hawana mchanga, mnunuzi wa soko la Kirumba anakuja mwenyewe. Na masika ndio balaa, mvua ikinyesha siku mbili mfululizo walioko chini wanaoza wote, unabaki unafukia. Wa chanja unavuta turubai juu, basi. Ikigoma kabisa kaanga, dagaa wa kukaanga hapo stendi ya Nyegezi hawalali.

Shemeji yako hataki vizimba, sawa, mpe yeye kazi ya chanja. Chanja ni miti na wavu kuukuu wa dagaa ambao kaka yako anao tayari umetupwa nyuma ya nyumba, usimnunulie kitu. Na akiwa na kikundi cha kina mama aulize halmashauri ile mikopo ya asilimia 10, wanawake wana asilimia 4 yao na haina riba.

Mvuvi Mstaafu:
Mama kasema kweli ila hajagusa deni. Tajiri anayekupa petroli ndiye anayepanga bei, dagaa wako wameshauzwa hata karabai haijawashwa. Hata ukianika kwenye kitambaa cha hariri atachukua kwa bei yake. Mimi nilichomoka hivi: nikaomba nimpe nusu kwa deni, nusu niuze mwenyewe. Alinuna wiki nzima. Akakubali kwa sababu mvuvi akikimbilia kisiwa cha Ukara na deni lake tajiri anakosa vyote.

Kijana wa Igombe:
Asanteni sana, jana nimeenda Igombe. Mama, kweli anaanika mchangani 😂 nyavu kuukuu ziko nne, kuku wanatagia humo. Shemeji kachangamka kuliko nilivyotegemea, ameshapima hatua kumi nyuma ya choo nikamwambia hapana shemeji, sio nyuma ya choo. Tajiri kaka bado anamwogopa, ataenda naye mzee mmoja wa BMU, kile kikundi cha usimamizi wa mwalo. Vizimba hajafuta, kasema kwanza alipe deni. Swali la mwisho, miti ya mkaratusi itafaa au mchwa wataila?

Mama Chanja:
Wataila. Paka oili chafu ile sehemu inayoingia ardhini tu, huku juu usiguse, dagaa watanuka gereji. Iwe urefu wa kiuno, mbuzi wasifike.

Mzee wa Nansio:
Mbuzi wa Igombe wanapanda.