Naomba ushauri: kuoanisha tiketi za Jira na ServiceNow

Ndugu wataalamu, kampuni yetu hufuatilia hitilafu kwa Jira, ilhali mteja wetu hutumia ServiceNow, na hakuna aliye tayari kuacha mfumo wake. Nimeandika programu ndogo inayohamisha tiketi (kumbukumbu za hitilafu) kupitia API, yaani njia za programu kuwasiliana, za pande zote mbili, lakini badiliko likishafika kule hurudishwa kwetu kana kwamba ni jipya, kisha hupelekwa tena, mzunguko usiokoma. Nafikiria kuipa programu hiyo akaunti yake ya pekee, ili mabadiliko yaliyofanywa na akaunti hiyo yapuuzwe. Je, hilo latosha? Kinachonitia hofu zaidi ni maoni yetu ya ndani kwenye tiketi, ambayo mteja hapaswi kuyaona kamwe. Na hali za tiketi zikipingana, mfumo upi uwe na kauli ya mwisho?