Baa ya jirani Kibirizi: leseni yao ikiisha, sisi majirani tunaulizwa wapi?

mama_dagaa

Habari za jioni wana jamvi. Mimi ni mama wa hapa Kibirizi, Kigoma. Nanunua dagaa mwaloni na kuanika. Kazi hii inataka niamke saa tisa usiku, maana vipe, yaani mitumbwi ya wavuvi wa dagaa, vikianza kuingia alfajiri, aliyechelewa anakuta makombo. Kwa hiyo saa tatu usiku huwa nimeshalala. Au niseme nilikuwa nalala.

Mwishoni mwa 2023 ilifunguliwa grosari, ukuta kwa ukuta na kwangu. Chumba kimoja, friji moja, viti sita vya plastiki. Sikuwa na neno, hata soda za wageni nilikuwa nachukua pale. Mara wakaongeza kibanda cha bati, ikaja meza ya pool, zikaja spika mbili ukubwa wa kabati. Moja inatazama dirisha la binti yangu aliye kidato cha nne. Bezi ikianza, vikombe vyangu vinagongana kabatini. Sitanii, nimevipanga upya na kutia vitambaa katikati.

Choo hawana. Wateja wanamalizia haja zao ukutani, hatua nne kutoka kwenye chanja zangu.

Nimekwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Polisi wamekuja mara mbili: wakifika muziki unashuka, defenda ikikata kona unapanda. Ile mara ya pili dijei akashika maiki, "Salamu kwa mama dagaa pale dirishani!" Watu wakacheka. Lile liliniuma kuliko kelele zote.

Naomba kujua, leseni ya pombe inatolewa na nani hasa, na jirani ana nafasi gani ya kusema kabla haijatolewa tena?

kijana_wa_gungu

Hama tu mama, mji unakua.

mama_dagaa

Nyumba aliniachia marehemu baba, na kaburi lake liko nyuma ya hicho kibanda cha bati. Wahame wao, spika zina magurudumu.

mstaafu_biashara

Pole sana mwanangu. Nimekaa ofisi za biashara za halmashauri miaka mingi, ingawa si Kigoma. Kosa lako ni kupigana na baa usiku. Usiku ni wa kwao. Baa inashikika mara mbili kwa mwaka, kwa sababu leseni ya vileo ni ya miezi sita: Aprili mpaka Septemba, kisha Oktoba mpaka Machi. Kila ikiisha mwenye baa anarudi kuomba, na fomu yake inazunguka kwa mtendaji, kwa bwana afya, kwa polisi, ndipo inafika kwa afisa biashara na mamlaka ya leseni pale halmashauri. Kila mmoja anaandika maoni. Ubaya ni kwamba wengi wanayaandika wakiwa mezani. Nimewahi kushika fomu iliyopitishwa kote, nilipofika kwenye jengo nikakuta hata paa halijaezekwa.

Sasa wewe wahi kabla ya fomu yake. Andika barua, nakala kwa wote hao. Usiandike "wanatusumbua", neno hilo linafia kwenye faili. Weka tarehe, weka saa muziki ulipozimwa. La choo liweke juu kabisa. Kelele bwana afya anaweza kusema hakuzisikia, lakini choo kisichokuwepo hawezi kusema amekiona.

Halafu uliza leseni yao ni ya aina gani. Ipo ya kunywea papo hapo, na ipo ya kununua ukaondoka na chupa yako. Kama waliomba hiyo ya pili, basi kila kiti pale kina kesi yake.

Kelele peke yake zina kanuni zake za 2015 chini ya Sheria ya Mazingira, hiyo unaweza kuifuata hadi NEMC, baraza la taifa la mazingira. Sheria ya vileo yenyewe ni ya 1968. Mwaka ule spika ya kugonganisha vikombe vya jirani Kibirizi haikuwepo, hivyo usitegemee iwe imeifikiria.

kaunta_mwanga

Na sisi tusikilizwe jamani. Nina baa Mwanga: kodi, leseni mara mbili kwa mwaka kama alivyosema mzee, mlinzi, wahudumu watano. Kila mkisema sheria ikazwe, anayekazwa ni mimi mwenye kibao mlangoni. Gongo imekatazwa tangu 1966, na sasa hivi naweza kukuonesha nyumba tatu zinazouza. Viroba vilipigwa marufuku Machi 2017, watu wakahamia kwenye vichupa.

Ila dijei kumtania mama wa watu kwenye maiki ni ushenzi, kwangu asingefika asubuhi. Na niwape siri ya kazi: mwenye baa haogopi faini. Faini unailipa kwa mauzo ya Jumamosi moja. Anachoogopa ni kufuli. Wakitaka kubadilisha sheria waache kupandisha faini, waseme baa iliyolalamikiwa kwa maandishi hailipii leseni mpya mpaka mkaguzi afike na miguu yake.

mama_dagaa

Nimerudi, wiki ya tano hii. Asante mzee, asante na kaunta pia.

Nimekuwa naandika kwenye daftari la hesabu la binti, na nimegundua jambo ambalo nilipaswa kulijua zamani. Kelele zinafuata mwezi. Wakati wa mbalamwezi dagaa hawaji kwenye taa, wavuvi wanakaa nchi kavu na hela zao, na baa inakesha. Giza likirudi wanaingia ziwani, na baa inafunga yenyewe saa nne. Hata 2024, ziwa lilipofungwa kwa uvuvi Mei 15 mpaka Agosti 15, spika hazikuwashwa. Nani angelipia bia?

Basi mkaguzi akija usiku wa giza atakuta wazee wawili na karata, na mimi nitaonekana mchawi. Kwenye barua nimeandika tarehe zote za mbalamwezi ya mwezi ujao, nikaomba aje mojawapo, baada ya saa tano. Majirani saba wametia sahihi. Wa nane kasema mume wake anakunywa pale kwa mkopo, hawezi.

Mzee, nakala ya polisi naipeleka mwenyewe au ipitie kwa mtendaji?

mstaafu_biashara

Peleka mwenyewe, zote. Na usitoke ofisi yoyote kabla hawajakugongea muhuri wa kupokea kwenye nakala yako, wenye tarehe. Wakisema mwenye muhuri katoka, kaa kwenye benchi umsubiri.