Mrejesho: Paa la asbesto limeshuka salama

Wakuu, niliuliza kama fundi wa mtaani anaweza kung'oa paa la asbesto la nyumba ya mzee hapa Dodoma, na bati nzima nzima tuezekee banda la kuku. Wengi mlikataa, maana vumbi la asbesto lina nyuzi ndogo zinazoleta saratani ukizivuta. Basi tulichukua kampuni yenye kibali cha taka hatarishi cha NEMC (baraza la taifa la mazingira). Bei iliuma, sifichi.

Nyundo haikupigwa kabisa. Walilowesha bati kwa maji yenye sabuni kidogo ili vumbi lisiruke, wakafungua misumari mmoja mmoja, wakateremsha kila bati likiwa zima. Walikanyaga mbao walizolaza juu, maana bati kuukuu la asbesto huvunjika ghafla, mtu akatumbukia. Barakoa zao ni za P3, yaani daraja la juu la kuchuja vumbi, zinazobana uso. Za kitambaa hazizuii nyuzi zile. Ovaroli nazo zilifungwa pamoja na taka kwenye nailoni nzito, mara mbili, zikaenda kuzikwa.

Mzee bado anabisha, eti kaishi chini yake miaka yote. Ana hoja kidogo: paa zima lisiloguswa halina hatari kubwa. Kasheshe ni kulikata au kulivunja, na saratani inayoletwa na vumbi lake huweza kujitokeza hata baada ya miaka 30. Mwenye swali la gharama aulize, nitajibu.