Mtoto anapatia mistari ya kusimama, ya kulala anachemka. Tatizo miwani au nini?

mama_wawili:
Wakuu habari za mchana, naombeni msaada kwa wanaojua mambo ya macho. Binti yangu ana miaka 5 na nusu, tulimpeleka kupima ile chati ya E ambayo mtoto anaonyesha kwa vidole vitatu meno yameelekea wapi. Basi meno yakitazama juu au chini anapatia mpaka vile vidogo kabisa, yakitazama kushoto au kulia anaduwaa, mara aonyeshe juu, mara ageuke kuniangalia mimi. Cheti kimeandikwa 0.00 / -2.75 x 180 macho yote mawili. Tukatengeneza miwani, kavaa wiki tatu, tumerudi bado mstari wa 6/12 (yaani asome kwa mita 6 kile mwenye macho mazima anasoma kwa mita 12) haumalizi. Nikawaka dukani nikijua nimepigwa lenzi mbovu, wakaipima mbele yangu iko sawa. Baba yake anasema mtoto hajui tu kushoto na kulia.

jicho_kavu:
Mzibe jicho moja, wa kwangu ndo alivyopona

fundi_lenzi:
@jicho_kavu kuziba ni pale jicho moja limezidiwa na mwenzake, huyu yote yako sawa.
Mama, hiyo -2.75 kwenye 180 maana yake kioo cha jicho hakiko duara, mistari ya kulala ndo inatia ukungu, ya kusimama inabaki safi. Sasa E yenye meno kulia imejaa mistari ya kulala, unaona ilivyokaa? Na baba hajakosea sana, watoto wa umri huo kweli wanachanganya kushoto na kulia, ila anayechanganya hivyo angeonyesha kushoto badala ya kulia, asingeonyesha juu.
Kuhusu wiki tatu, ni mapema mno. Ubongo una seli ambazo kila moja inapenda mstari wa upande wake, wanasayansi Hubel na Wiesel walizigundua kwa paka na wakapewa tuzo ya Nobel 1981. Mwaka 1970 watafiti Blakemore na Cooper waliwalea paka wachanga ndani ya mapipa ya mistari ya upande mmoja tu, wakatoka humo ule upande mwingine ni kama hawauoni. Binti yako miaka mitano ubongo wake umekuwa ukipokea mistari ya kulala yenye ukungu, kwahiyo hata lenzi ikiwa sahihi bado haujajifunza kuisoma. Avae kutwa nzima, miezi sio wiki, na kliniki usiruke.

shemeji_Tanga:
Hata sisi wazima mistari ya mshazari tunaiona hafifu kidogo kuliko ya kusimama na kulala, sio ugonjwa, ndo tulivyo

fundi_lenzi:
Kweli. Halafu mama angalia fremu imekaaje usoni. Hizi lenzi zina upande, zikizunguka digrii 10 tu theluthi ya tatizo inarudi, zikifika 30 ni kama hajavaa kitu.

mama_wawili:
Asante sana fundi. Nimemuuliza kuhusu dirisha la bibi yake la vioo vya luva, eti siku zote alijua ni kioo kimoja kikubwa 😩 na hapa nimemvua miwani naiangalia, mkono mmoja umepanda juu, dada wa kazi anasema jana aliikalia. Kesho asubuhi niko dukani tena, safari hii bila kelele.