Mrejesho: shairi la paka na samaki

Wadau, asanteni sana. Niliuliza namna ya kuchambua mizani (hesabu ya silabi), vina (silabi za mwisho zinazofanana) na takriri (marudio) katika shairi fupi la kuchekesha lenye kibwagizo "Paka kaiba samaki, mwizi kaitwa ni mimi". Ushauri wa kupiga kofi kwa kila silabi umefanya kazi: "mchuzi" ni mizani 3, maana "m" inajitegemea, na mishororo (mistari) ikakaa mizani 8 kwa 8, nusu kwa nusu. Vina vilijitokeza haraka. Takriri ndiyo tamu: kibwagizo hakibadiliki, ila kila ubeti unamtia msemaji mashakani zaidi, mpaka wa mwisho ana mwiba kwenye ndevu! Kilichonishinda ni utao (nusu ya pili ya mshororo) mmoja wenye mizani 9. Hata kuuimba, kama mlivyoshauri, hakukusaidia. Nimeandika tu kwamba umezidi.