Huwezi kuwa na keki na kuila: huu msemo wa Kiingereza una maana gani?

Mama Chanja, Kibirizi
Habari zenu jamani. Nauza dagaa hapa mwalo wa Kibirizi, Kigoma, na mwaka huu nafanya QT, ule mtihani wa maarifa. Hesabu siziogopi, kila alfajiri nazipiga mchangani na wavuvi. Kinachonitesa ni misemo ya Kiingereza. Mwalimu wa tuisheni alituandikia ubaoni kwamba huwezi kuwa na keki yako na kuila. Nikamuuliza, mtu atakula vipi kitu asichokuwa nacho? Ugali ukiwa mbele yangu, ninao, na ninaula. Akasema kariri tu. Nimekariri, lakini kitu nisichokielewa hakinikai kichwani. Naomba mwenye kujua anifafanulie.

Mwalimu mstaafu, Ujiji
Mwanangu, hujakosea kuuliza. Msemo wenyewe umegeuzwa. Mwaka 1546 John Heywood alichapisha mkusanyiko wa methali za Kiingereza, na humo kula ndiko kunakotangulia: unataka kula keki yako na bado uwe nayo? Usome hivyo uone unavyokaa sawa. Ukishaila, haipo tena. Baadaye watu wakaanza na kuwa nayo, wakamalizia na kula, na hapo ndipo wewe unapokwama.

Halafu hiyo "kuwa nayo" ya kwao hapo ina maana ya kubaki nayo. Chukua sado ya dagaa. Huwezi kuiuza leo, ukaweka hela kwenye kanga, kesho ukaikuta bado imo kwenye gunia ikisubiri bei ipande. Sisi tungesema mshika mbili moja humponyoka.

Fundi baiskeli, Tabora mjini
Mwalimu kasema kweli, na huo si peke yake. Mtu akipenda kupita kiasi wanasema kapenda kichwa juu ya visigino. Sasa nani kichwa chake hakiko juu ya visigino? Zamani walisema visigino juu ya kichwa, yaani mtu kabinuka mzimamzima. Ukageuzwa karne ya 18 na umebaki hivyo hivyo.

Mama Chanja, Kibirizi
Shikamoo mwalimu. Asante na wewe kaka wa Tabora. Hiyo sado imenifungua macho, nimeshaandika daftarini: kula kwanza, kubaki nayo baadaye.

Umenikumbusha jambo. Juzi nilianika dagaa mchangani, mvua ikashuka kabla sijafika na turubai. Dagaa aliyelowa akiwa nusu mkavu ni msiba: tumbo linapasuka, anashikana na mwenzake, mchanga unamganda, na harufu inageuka siku hiyo hiyo. Palikuwa na mgeni anasubiri boti ya Gombe, anajifunza Kiswahili. Nikamwambia nimekula hasara. Akaniuliza, hasara inaliwaje? Nikakosa la kumjibu, na hilo neno nalisema tangu nikiwa binti. Tunakula hasara, tunakula kiapo, tunakula njama, na mdomoni hakiingii kitu.

Mwalimu, na ile ya Waingereza ya kunyesha paka na mbwa, yaani mvua kubwa, nayo imegeuzwa?

Mwalimu mstaafu, Ujiji
Marahaba mwanangu. Pole sana kwa dagaa.

Hiyo haikugeuzwa, ila wanyama wamebadilika. Richard Brome, mwandishi wa tamthilia wa Uingereza, katika mchezo uliochapishwa 1653 anataja mvua ya mbwa na vicheche. Kwenye intaneti utakuta hadithi kwamba zamani paka na mbwa walilala juu ya mapaa ya nyasi, mvua ikiwatelezesha wanaanguka. Usiikubali. Umeona nyumba za nyasi vijijini: mnyama anayekimbia mvua anaingia chini ya paa, hapandi juu yake.

Kwenye mtihani, msemo huo uache. Andika tu kwamba mvua kubwa ilinyesha ukapoteza dagaa wako, kisha eleza lile tumbo linavyopasuka kama ulivyotueleza hapa. Msahihishaji ataiona hiyo mvua.